Intaneti ya kasi isiyo na waya kwa vipakatalishi hapa Lamu: ipi ya kutegemewa?

Mpimaji wa Langoni aliuliza:

Asalamu aleikum ndugu zangu. Kazi yangu ni kupima na kupiga picha nyumba za kale, kuanzia milango ya nakshi hadi zidaka (vishubaka vya ukutani) za ndani, na jioni hunibidi kuzituma picha hizo Mombasa kwa kipakatalishi. Leo niko Mkomani hapa mjini Lamu, kesho Siyu au Faza kisiwani Pate, kwa hivyo faiba ya kufungwa ukutani hainifai. Hadi sasa natumia hotspoti ya simu, ambayo hushika vizuri nikiwa kiwandani, yaani kwenye ua wa nyumba, na hupotea mara nikiingia ndani. Nasikia habari za kizazi cha tano (5G), za setilaiti zinazopita chini, na za vipakatalishi vyenye modemu, yaani kifaa cha kushika mtandao wa simu, ndani yake. Naomba wenye ujuzi mnieleze: katika hizo, ipi ina mustakabali wa kweli katika visiwa hivi, na ipi itabaki kuwa neema ya miji mikubwa?

Fundi wa Minara alijibu:

Aleikum salaam, dada. Nianze na hilo la ndani, kwa maana linaeleza mengi. Kuta za nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita, na mawimbi ya redio hupoteza nguvu yanapozipenya; kadiri masafa, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, yanavyopanda ndivyo hasara inavyozidi. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa takriban sentimita 33. La gigahezi 3.5, ambalo ndilo tegemeo kuu la 5G katika nchi nyingi, lina sentimita 8 na nusu hivi, na lile la gigahezi 26, linalobeba zile kasi za ajabu tunazosomewa katika matangazo, lina sentimita 1 na kidogo tu. Hilo la mwisho huzuiwa na ukuta, na majani ya mikoko, hata na mwili wa mtu aliyesimama mbele ya antena. Kwa hivyo Safaricom walipoifungua 5G kibiashara mwezi wa Oktoba 2022, na Airtel wakafuata mwaka 2023, sisi wa visiwani tulipaswa kuuliza itatufikia kwa masafa gani. Megahezi 700 au 800 zingetufaa zaidi, kwa kuwa husafiri mbali juu ya maji na hupenya kuta kwa urahisi zaidi, ingawa nafasi yake ni finyu na kasi yake haipishani sana na ya 4G nzuri.

Kuna jambo jingine lisilozungumzwa sana, nalo ndilo linaloniuma. Mnara hauna intaneti yake wenyewe. Sharti uunganishwe hadi Mombasa, ambako nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitua mwaka 2009. Penye kisiwa, kipande cha mwisho mara nyingi huwa kiungo cha mikrowevu, yaani mawimbi ya redio yanayorushwa mnara hadi mnara, juu ya maji, na hapo bahari huingilia kati. Sehemu ya mawimbi huenda moja kwa moja. Sehemu nyingine hugonga uso wa maji na kurushwa juu, kisha zote mbili hukutana kwenye antena ya upande wa pili. Zikifika zikiwa sambamba husaidiana, zikipishana kwa nusu ya wimbi huuana. Maji yakijaa au yakipwa, urefu wa ile njia iliyogonga bahari hubadilika, kwa hivyo kiungo kilichokuwa imara maji yakiwa nje kinaweza kudhoofika maji yakijaa, na mabadiliko hayo huwa makubwa zaidi siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Dawa yake inajulikana kwa miaka mingi: hufungwa antena mbili za kupokea katika mnara mmoja, moja juu na nyingine chini, ili mawimbi yakifa kwenye moja yapatikane kwenye nyingine. Gharama huongezeka, na chumvi hula vyuma, lakini bila kazi hiyo 5G ya kisiwani itakuwa alama tu kwenye kioo cha simu. Viongozi wetu wakikutana na kampuni, wasiishie kuuliza idadi ya minara. Waulize kila mnara umeunganishwa kwa nini.

Mwalimu wa Faza alijibu:

Fundi amesema kweli, lakini sisi wa Pate hatuwezi kukaa tukingoja viungo hivyo vitengenezwe. Setilaiti za zamani zilikaa umbali wa kilomita 35,786, na kwa umbali huo swali kupanda na jibu kurudi huchukua karibu nusu sekunde ya safari tupu, kabla ya kompyuta yoyote kufanya kazi. Zile za Starlink, iliyoanza huduma Kenya mwezi wa Julai 2023, huzunguka kwa kimo cha takriban kilomita 550, na kuchelewa huko huwa kidogo kiasi cha kuweza kuzungumza kwa video bila kukatizana. Dishi lao dogo lina uzito wa kilo 1 na kidogo na kwa kawaida hutumia wati 25 hadi 40, mzigo unaobebwa na paneli ya sola ya wastani pamoja na betri. Mpimaji, hilo linaingia katika mkoba wako na kupanda mashua pamoja nawe.

Nina tahadhari mbili. Dishi linataka mbingu wazi, kwa hivyo katika vichochoro vya mji wa Lamu sharti ulipandishe darini, juu ya nyumba, na penye minazi utatafuta uwanja. La pili, anga nayo hujaa: mwezi wa Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu uwezo wake wa hapo ulikuwa umekwisha. Visiwani watu ni wachache, na hilo linatupa nafasi. Tena sisahau baluni za Loon, zilizorusha intaneti kutoka angani, zilizoanza kazi nchini pamoja na Telkom Kenya mwezi wa Julai 2020, na kufikia Januari 2021 mradi mzima ukatangazwa kufungwa. Kwa hivyo nashauri shule, zahanati na mabaraza ya vijiji washirikiane kulipia dishi moja, mzigo usimwangukie mtu mmoja.

Karani wa Shela alijibu:

Kuhusu kipakatalishi chenye modemu ndani, dada, usikimbilie. Kuanzia mwaka 2008 hivi Intel, watengenezaji wa chipu za kompyuta, iliisukuma kwa nguvu WiMAX, aina mojawapo ya intaneti isiyo na waya, na baadhi ya vipakatalishi viliuzwa vikiwa na chipu yake. Desemba 2009 kampuni ya simu ya TeliaSonera ikafungua LTE, ndiyo 4G, mjini Stockholm na Oslo, kampuni nyingi za simu duniani zikafuata njia hiyo, na chipu zile zikakosa mtandao wa kuzungumza nao ilhali kompyuta zenyewe zilikuwa nzima. Nunua modemu ndogo ya kando, yenye betri yake na tundu la antena ya nje. Teknolojia ikibadilika utabadilisha modemu peke yake.

Mpimaji wa Langoni aliuliza tena:

Nawashukuru nyote. Limebaki moja: mbona kufungua kurasa ni haraka, lakini picha zangu kupanda huchukua muda mrefu mno, hata pale alama za mtandao zinapokuwa nzuri?

Fundi wa Minara alijibu:

Kwa sababu mnara hupaza sauti kwa makumi ya wati, na simu yako huujibu kwa wati 0.2 tu kwa kawaida. Wewe unausikia, wenyewe unakusikia kwa shida, na 5G haiondoi tofauti hiyo. Fungua mipangilio ya simu utazame nguvu ya ishara kwa dBm, kipimo chake: karibu na -85 ni nzuri, ikishuka chini ya -110 kupandisha picha kutakuwa kwa taabu. Kwa hivyo ushauri wa Karani ni sahihi, na lile tundu la antena ndilo la kutazama kwanza dukani. Ukiwa Mkomani iweke antena darini, waya ushuke kiwandani. Kule Siyu, ukifikia nyumba ya makuti, unaweza kuifunga chini ya paa ikakingika na mvua. Ikiwa ya mabati, itoe nje.