Naomba ushauri: klorini inazidi kwenye maji ya kupozea yanayorudi baharini

Wakuu, habari za kazi. Niko kituo cha umeme huku Oman. Tunavuta maji ya bahari kupozea kondensa (kifaa kinachogeuza mvuke wa mtambo kuwa maji tena), tunayatia klorini ili kome na chaza wasiote ndani ya mabomba. Shida ni yanapotoka: kikomo chetu ni miligramu 0.2 kwa lita, jana kichupa cha kupimia kiligeuka pinki ya kukoza, 0.35! Nikipunguza dozi, wiki haiishi machujio yamejaa makombe.

Bisalfaiti ya sodiamu (kemikali ya kuua klorini iliyobaki) tunadunga, kama miligramu 1.5 kwa kila moja ya klorini, ila pa kudungia ni karibu mno na mdomo wa kutokea. Nahisi haiwahi kuchanganyika. Nipasogeze nyuma, au nitie klorini kwa vipindi badala ya mfululizo? (Kuongeza bisalfaiti tu sitaki, ikizidi inakula oksijeni ya samaki.)