Besi ipo mlangoni, kwenye kochi haipo. Ninunue sabufa kubwa?

Mtegasikio (mwenye swali)

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela nikaja kujuta.

Nimetenga chumba kimoja kwa ajili ya kusikiliza muziki tu. Urefu wake mita 4.2, upana 3.6, dari mita 2.7. Kuta za tofali, sakafu ya vigae, mlango uko nyuma kwenye kona. Spika mbili za stendi ziko upande wa ukuta mfupi wa mbele, na sabufa ya inchi 10 iko katikati yake, imegusa ukuta. Kochi nimeliweka katikati ya chumba. Siyo katikati ya kukadiria, nilipima kwa tepu. Ndivyo nilivyo, kitu kikikaa upande silali.

Sasa shida yangu. Nikikaa kwenye kochi, gita la besi linasikika kama limefunikwa blanketi. Noti nyingine zinatoka, nyingine zinamezwa kabisa. Nikaongeza sauti ya sabufa: zile zilizokuwa zinatoka zikaanza kupiga kelele, zilizomezwa zikabaki zimemezwa.

Juzi nikainuka kwenda kuzima taa, swichi iko pale mlangoni. Mkono uko kwenye swichi, besi ikanipiga kifuani mpaka nikageuka kuangalia nani kaongeza sauti. Nikarudi kwenye kochi, hakuna kitu. Nikaenda tena mlangoni, ipo. Nilikwenda na kurudi kama mara sita, mke wangu akachungulia akauliza nimepoteza nini.

Nimeshaanza kutamani sabufa ya inchi 15. Je, itanifikishia besi kwenye kochi? Na kuna rafiki kaniambia nibandike trei za mayai ukutani. Kuna ukweli?

Inchi18

Inchi 10 ni spika ya kuamshia mtoto hiyo. Chukua 15, ukiweza 18. Maneno mengine yote ni kujifariji.

Babu Ampli

Usinunue kitu. Mlango umeshakujibu, ila hukuuelewa.

Fikiria hivi. Kama besi ingekuwa haitoki kwenye sabufa, mlangoni usingeisikia. Inatoka, tena ya kutosha. Inapofika kwenye kochi lako ndipo inapouawa, na anayeiua ni chumba.

Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Chukua hiyo 343, gawanya kwa urefu wa chumba chako mara mbili, yaani 8.4. Unapata hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Wimbi la hapo linakwenda mpaka ukuta wa nyuma, linarudi, linakutana na linalokuja, na kwa kuwa urefu wa chumba ni nusu ya urefu wa wimbi, linajenga kilima (sauti inavimba) kwenye kuta zote mbili na shimo (sauti inamezwa) katikati kabisa ya chumba. Katikati kabisa, mkuu. Pale ulipopima kwa tepu.

Sasa chukua gita la besi la kawaida, la nyuzi nne. Uzi mnene ukipigwa wazi unatoa hezi 41.2. Umeona? Umekaa kwenye kiti kilichochaguliwa kwa tepu kuimeza noti ya chini kuliko zote za gita hilo. Na noti ileile ikipigwa juu oktava moja, hezi 82, kwenye chumba chako inafanya kinyume: pale katikati ni kilima. Hizo ndizo "noti zinazopiga kelele" ulizosema. Pale mlangoni uko kwenye kona, na kona ina kilima cha kila kitu, ndiyo maana uligeuka kutafuta mtu.

Inchi 15 haitasaidia. Ukiongeza nguvu, wimbi linalokwenda linakua na linalorudi linakua vilevile, yanaendelea kuuana palepale. Kitakachobadilika ni kilima tu. Nilishafanya kosa hilo, nikakaa na sabufa kama kabati la nguo, na kwenye kiti changu besi ilikuwa ileile.

Trei za mayai, hapana. Wimbi la hezi 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8, litaipita trei kama halijaiona. Zitapunguza kidogo sauti za juu, basi, na ni karatasi inayoshika moto haraka. Kwa vigae ulivyonavyo, tandika zulia zito kati ya spika na kochi. Litatuliza ule mwangwi wa twita, zile spika ndogo za sauti za juu. Ila usilitegemee kwa besi.

Fanya hivi. Kwanza, sogeza kochi nyuma mpaka masikio yako yawe kama mita 1.6 kutoka ukuta wa nyuma. Masikio, siyo miguu ya kochi. Ni kama nusu mita tu kutoka ulipo sasa. Usilibandike kochi ukutani ukidhani ukizidisha ndiyo dawa, huko utapata mngurumo mtupu.

Pili, tafuta mahali pa sabufa kwa magoti. Inyanyue uiweke juu ya kochi, pale kichwa chako kinapokuwa. Cheza wimbo ambao gita la besi linapanda na kushuka noti nyingi, siyo ule unaogonga noti moja mwanzo mwisho. Kisha tambaa kando ya kuta, kichwa kikiwa chini karibu na sakafu, usikilize. Utapita sehemu inavuma, utapita sehemu imekauka, halafu utafika mahali noti zote zinatoka kwa uzito unaokaribiana. Weka alama hapo, ndipo sabufa ikae. Njia ya sauti kutoka kona kuja kwenye kiti ni ileile ya kutoka kwenye kiti kwenda kona, kwa hiyo unachosikia ukiwa pale chini ndicho utakachosikia ukishakaa. Funga mlango kabla ya kuanza. Mimi sikufunga, mjukuu akanipanda mgongoni akidhani ni mchezo.

Tatu, krosova, yaani mpaka unaogawa sauti: za chini ziende kwenye sabufa, za juu kwenye spika. Kama amplifaya yako ndiyo inayokata, anzia hezi 80, halafu kile kitufe cha krosova kilicho nyuma ya sabufa kizungushe mpaka mwisho wa juu. Wengi wanakata huku na kule, wanakata mara mbili, kisha wanalalamika kuna pengo kati ya spika na sabufa.

NyekunduNyeusi

Kabla ya kutambaa, umeangalia waya? Hakikisha spika zote mbili nyekundu iko kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi, kwenye amplifaya na nyuma ya spika. Moja ikigeuka, koni moja inasukuma nyingine inavuta, besi inakonda na sauti ya mwimbaji inakosa makao. Weka amplifaya kwenye mono, spika zote mbili zitoe sauti ileile. Mwimbaji asiposimama katikati ya spika mbili, kuna waya uliogeuzwa.

Mpimaji

Naungana na Babu kwenye kochi, ila kwenye magoti naomba nitofautiane kidogo. Sikio linazoea haraka. Ukitambaa dakika kumi, kila mahali panaanza kuwa pazuri. Kuna programu ya kompyuta inaitwa REW, haina malipo. Tafuta maikrofoni ya kupimia, iweke kwenye urefu wa masikio yako, piga mlio wa kupanda kutoka hezi 20 mpaka 200, uone mstari. Lile shimo la 41 utaliona kwa macho. Sogeza sabufa sentimita 20, pima tena. Pima pia kushoto na kulia kwa kichwa, usije ukatengeneza kiti cha mtu mmoja asiyeruhusiwa kugeuza shingo.

Ukifika kwenye ikwalaiza, kile cha kupandisha na kushusha sauti za hezi fulani, shusha vilima, usijaze mashimo. Kuinua shimo kwa desibeli 10 ni kuidai amplifaya nguvu mara kumi, na shimo halitajaa.

Na kama hela ipo kweli na lazima itumike, basi nunua sabufa ya pili iliyo sawa na hiyo ya inchi 10. Moja katikati ya ukuta wa mbele, nyingine katikati ya ukuta wa nyuma. Kwa chumba chako lile wimbi la 41 litakuwa linasukumwa pande zote mbili kwa pamoja, litashindwa kujijenga. Todd Welti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, alilinganisha mipangilio mingi ya namna hii kwenye chumba cha mstatili, akaiwasilisha mwaka 2002. Mbili kwenye kuta zinazotazamana zilifanya vizuri sana, na kupita nne hakukuwa na faida ya maana.

Inchi18

Kwa hiyo mbili ndogo. Sawa. Mimi bado naipenda yangu.

Mtegasikio

Wakuu, nimerudi na majibu, na aibu kidogo.

NyekunduNyeusi, waya wa spika ya kushoto ulikuwa umegeuzwa. Nyuma ya spika, mahali ambapo nilikuwa nimeinama kwenye giza nikapachika kwa kupapasa. Miezi minne nimekuwa nikisikiliza hivyo na kuwasifia watu "upana wa sauti". Nimegeuza, mwimbaji kaja kusimama katikati kama kaitwa jina.

Lakini besi kwenye kochi ilibaki dhaifu, mpaka niliposogeza kochi. Nusu mita, Babu. Niliweka wimbo uleule, uzi ule mnene ukapigwa, nikausikia kwenye mbavu za kochi. Siyo kama mlangoni, ila upo, na una mwanzo na mwisho.

Kisha nikatambaa, mlango nimefunga. Katikati ya ukuta, pale ilipokuwa, hapakuwa pabaya sana. Kwenye kona ilikuwa ngurumo tupu. Mahali penyewe palikuwa kama mita moja kutoka kona ya kushoto, ukuta uleule wa mbele. Nikaihamishia hapo. Halafu ile swichi ya sabufa iliyoandikwa 0 na 180, inayogeuza koni isukume au ivute, nikajaribu kote: kwenye 180 ngoma ya mguu ikajaa, kwenye 0 ikarudi nyuma. Nimeiacha 180. Je, ni sawa au nimekosea mahali?

Kitu kingine, kuna noti moja ikipigwa kunakuwa na mlio wa bati, zzzz. Nilidhani sabufa imechanika. Nikazunguka chumba kizima nikishika kitu kimoja kimoja, kumbe ni kibanio cha pazia dirishani.

Babu Ampli

Uko sawa. Sabufa ikihama, umbali wake na kiti unabadilika, kwa hiyo ile swichi ijaribu upya kila ukiihamisha. Inayojaza pale sabufa inapokutana na spika, karibu na 80, ndiyo sahihi. Namba iliyoandikwa isikusumbue.

Mpimaji

Kapime lakini.

Mtegasikio

Nitapima. Sabufa ya 15 nimeiacha kwanza. Tatizo lililobaki ni kwamba kochi haliko katikati ya chumba, na kila nikiingia jicho linaniuma.

NyekunduNyeusi

Zima taa, mkuu.