Mrejesho: make ilikuwa haioni mabadiliko ya faili la .h

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini nikibadili faili la .h (lenye maelezo yanayotumiwa na mafaili mengine ya C), make (zana inayojenga programu kutoka kwenye msimbo) inaacha mafaili ya .o (matokeo ya kukompaili) yalivyo na programu inatoka na vipimo vya zamani vya struct (kundi la data). Asanteni sana, limetatuka, isipokuwa sehemu moja.

Nilifuata ushauri wa kumwachia kompaila aandike vitegemezi (yaani .o ipi inategemea .h zipi) mwenyewe, kwenye mafaili ya .d:

CPPFLAGS += -MMD -MP

na mwishoni mwa Makefile (faili la maagizo ya make; OBJS ni orodha ya .o):

-include $(OBJS:.o=.d)

Kistari cha mwanzo kisisahaulike, maana mara ya kwanza mafaili ya .d hayapo na make itagoma. Aliyesisitiza CPPFLAGS badala ya CFLAGS (zote hubeba chaguo za kumpa kompaila) alikuwa sahihi kabisa: mtu akiandika make CFLAGS=-O2, anafuta chochote ulichoongeza kwenye CFLAGS. Ile -MP nayo ina kazi yake, ukifuta .h moja make hailalamiki kwamba haina kanuni ya kuitengeneza.

Mwanzoni sikuona tofauti yoyote. Sababu: .d huzaliwa wakati wa kukompaili tu, na .o za zamani zilihesabika bado mpya. Endesha make clean (inafuta .o za zamani) mara moja, kisha make.

Kilichobaki: ukibadili CFLAGS kwenye amri, hakuna kinachojengwa upya, kwa sababu make hulinganisha muda wa mafaili tu, haikumbuki amri iliyopita. Kwa sasa natumia make -B, inajenga vyote upya. Kwa mradi mkubwa ni mzigo.