Naomba ushauri: mume wangu si raia, tunataka kiwanja Kilifi

Hamjambo wenzangu. Niko Nairobi, mume wangu ni Mjerumani, na tumependa kiwanja ndani ya mtaa wenye geti huko Kilifi. Dalali anatusukuma tufungue kampuni ya mume wangu ili tupate hati ya kudumu. Sikubali: Katiba ya 2010, kifungu cha 65, humpa asiye raia umiliki wa kukodi tu, usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa raia pale tu wamiliki wake wote ni raia.

Hati tuliyoonyeshwa ni ya shamba zima. Kiwanja chetu kimezungushiwa kalamu nyekundu tu kwenye ramani. Mlionunua hivi, mlidai hati ndogo, yaani ya kiwanja chenyewe, kabla ya kulipa amana? Na wakili mlimtafuta huku au Pwani? Tafadhali nisaidieni, hii ni akiba yetu yote.