Ruzuku ya utafiti kwa karakana ndogo, Kisumu

Fundi wa Dunga:
Hamjambo wenzangu. Karakana yetu imeunda kikaushio kinachotumia jua, ili msimu wa mvua omena (dagaa wa ziwani) wasiozee kwenye neti wala kushikwa na mchanga. Tunahitaji ruzuku ya majaribio, si mkopo. Tuanzie wapi?

Mhandisi wa Kondele:
Ndugu, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ndiyo iliyoanzisha Hazina ya Kitaifa ya Utafiti pamoja na Shirika la Kitaifa la Ubunifu. Sheria hiyo inataja asilimia 2 ya pato la taifa kuwa fungu la Hazina, ingawa kutaja ni kimoja na kutoa ni kingine. Kwa kuwa miito mingi ya maombi ya Hazina huwalenga watafiti, ningewashauri muombe pamoja na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Maseno au wa chuo cha Bondo, naye awe kiongozi wa mradi. KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, nayo ina kituo Kisumu.

Mama Samaki:
Mkataba na chuo useme wazi hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, itakuwa ya nani, kabla hamjamwonyesha mtu michoro.

Fundi wa Dunga:
Asanteni. Je, vipimo vyetu wenyewe vitakubalika?

Mhandisi wa Kondele:
Kama mwanzo, ndiyo. Andikeni uzito wa omena kabla na baada ya kukaushwa, joto la ndani na hali ya hewa ya siku hiyo, hata siku ambazo mambo yaliharibika.