Semina za mtandaoni kwa viongozi wa makanisa na mashirika: Zoom, YouTube, WhatsApp au kukusanyika vituoni, kipi kinafaa?

Mratibu_Umoja
Wakuu habari zenu. Naratibu umoja wa makanisa na mashirika madogo yasiyo ya kiserikali, tumetawanyika sana, na tukikutana ana kwa ana hela nyingi inaishia kwenye nauli na malazi halafu mafunzo yenyewe ni siku mbili watu wamechoka na safari. Kamati imepitisha tuanze semina za mtandaoni. Mada tulizonazo ni usimamizi wa fedha, ulinzi wa watoto kwenye miradi yetu, kazi za bodi na kuandika maandiko ya miradi. Viongozi ni mchanganyiko, wapo wenye laptopu, wapo wa simu tu, wapo wachungaji watu wazima kabisa na vijana wa idara.

Sasa kila ninayemuuliza ana lake. Huyu anasema lipia Zoom Webinar, yule anasema rusha YouTube bure, mwingine anasema WhatsApp inatosha. Na ninachotaka siyo wafundishwe tu, nataka wajuane, maana sasa hivi shirika moja linahangaika na jambo ambalo jirani yake alishalimaliza zamani na hawaambiani. Waliofanya hii kazi naomba mnilinganishie.

FundiMitambo
Mkuu nianze na upande wa mitambo ili tuongee kitu kimoja. Zoom ya bure inakata dakika 40 na inabeba watu 100. Google Meet ya bure mkizidi wawili ni dakika 60, watu 100. Teams ya Microsoft ya bure nayo ni dakika 60 na watu 100. Jitsi ni bure na ni programu huria, ila tangu 2023 anayefungua chumba kwenye ile ya kwao lazima aingie na akaunti, wageni wake wanaingia kwa linki tu. Semina ya saa moja na nusu kwa Zoom ya bure usijaribu, ikikata katikati unatuma linki mpya, wengine hawarudi tena na wanaokosa kurudi ni walewale ambao teknolojia inawasumbua, yaani uliowaandalia hasa.

La pili ambalo watu wanalichanganya sana, Zoom Meeting na Zoom Webinar ni vitu viwili tofauti. Kwenye Webinar mhudhuriaji anawaona watoa mada tu, yeye haonekani wala hasikiki mpaka umruhusu, anaandika swali kwenye kisanduku anasubiri. Na vyumba vidogo vya majadiliano huko hakuna. Kwa tangazo la watu 500 iko vizuri sana. Lakini wewe umesema wajuane, na kwenye Webinar mtu anakaa mpaka mwisho hajui nani mwingine alikuwepo. Chukua Meeting.

Halafu kabla hujalipa chochote, kama shirika limesajiliwa angalieni Google for Nonprofits, wakishawathibitisha mnapata Workspace yao, yaani barua pepe, mafaili na Meet kwa pamoja, bila malipo, watu ni 100 bado ila ule ukomo wa saa moja unaondoka. TechSoup nao wanasaidia mashirika kupata programu kwa punguzo.

MchungajiKijana
Mimi napigia kura YouTube na sababu ni moja kubwa, hakuna anayefundishwa kuitumia. Linki inabonyezwa, picha inatokea, hakuna kujisajili, hakuna "unasikika? hatukusikii" ya dakika kumi. Aliyekosa anaangalia kesho yake. Watu wazima wengi tayari wanasikiliza mahubiri humo kila siku. Angalizo tu, kuruhusiwa kwenda laivu mara ya kwanza kunaweza kuchukua mpaka saa 24 kwahiyo usisubiri asubuhi ya semina, na ukitaka kurusha kwa simu akaunti iwe na angalau wafuasi 50.

Katibu_Bodi
@MchungajiKijana kwa somo la kusikiliza nakubaliana nawe, lakini angalia mada zake mtumishi. Ulinzi wa watoto. Fedha. Nani atafungua mdomo kwenye laivu ambayo dunia nzima inaona aseme kwetu mhasibu na anayeidhinisha malipo ni mtu mmoja? Au aeleze kwamba kuna malalamiko dhidi ya mwalimu wa watoto na bodi haijui pa kuanzia? Hayo ndiyo yanayowakosesha viongozi usingizi na hayasemwi mbele ya kamera inayorekodi.

Kwetu tuligawa. Mtoa mada akifundisha tunarekodi. Yakianza maswali na mazungumzo tunazima rekodi, na mwenyekiti anatamka kwa sauti kwamba rekodi imezimwa ili kila mtu asikie. Na kwa mambo ya watoto kuna sharti, hakuna jina la mtoto, la kanisa wala kitu chochote kitakachomfanya mtu agundue ni nani. Pia mtu akileta tukio ambalo mtoto yuko hatarini sasa hivi, hilo siyo la kujadiliwa semina, linakwenda kwa vyombo vinavyohusika siku hiyohiyo. Liandikeni hilo kwenye slaidi ya kwanza kabisa.

Mama_Tumaini
Mimi niwasemee hao wa simu tu maana mara nyingi wanakumbukwa mwishoni. Jamani bando. Sauti peke yake kwenye Zoom inatumia kama kbps 60 mpaka 80, piga hesabu inakuja MB 27 mpaka 36 kwa saa, hiyo mtu yeyote anaimudu. Video ya kundi inakula mara nyingi zaidi ya hapo, mamia ya MB. Kwahiyo semina ambayo mtu lazima aone ndipo aelewe tayari umemtoa mwenye bando dogo.

Tunachofanya sisi, siku moja kabla tunatuma slaidi kwa PDF kwenye WhatsApp, kurasa zimewekewa namba kubwa. Mtoa mada anasema "fungueni ukurasa wa 4" kama anayesoma kitabu na wenzake. Mtu anasikiliza sauti tu huku anatazama karatasi yake kwenye simu au ameiprinti. Kuna mama mmoja kiongozi wa idara ya wanawake anahudhuria hivyo kila mara, kamera hajawahi kuwasha na ndiye anayeuliza maswali mazito kuliko wote. Hapo kwenye kumlazimisha mtu awashe kamera ndio nawaomba muache kabisa, wengine wako kwenye daladala, wanapika, wanauguza.

MchungajiKijana
@Katibu_Bodi hoja ya rekodi nimeipokea. Basi YouTube ibaki kwa kipande cha somo tu, na mazungumzo yafanyike kwingine.

Neema_Mwezeshaji
Naomba niingie hapa maana mnalinganisha mitambo na swali la Mratibu kwa kweli ni la muundo. Unaweza ukawa na Zoom ya kulipia kila kitu na watu wasijuane.

Kuna mfano naupenda sana, unaitwa Project ECHO. Ulianza 2003 chuo kikuu cha New Mexico kule Marekani, daktari anaitwa Sanjeev Arora alikuwa bingwa wa ini, wagonjwa wa homa ya ini C wanatoka mbali kumfuata na foleni ni ndefu. Akaona badala ya wagonjwa kuja kwake, akutane na matabibu wa vijijini kwa video mara kwa mara, wao walete kesi za wagonjwa wao, wajadiliane wote, na kidogokidogo wale matabibu wakaweza kutibu wenyewe hukohuko. 2011 yakachapishwa matokeo kwamba wagonjwa waliotibiwa na matabibu hao walipona sawa na waliotibiwa hospitali ya chuo. Kitu cha kuangalia ni kwamba hawakukaa kusikiliza mihadhara. Mada ilikuwa fupi, kesi ndiyo ilikuwa somo.

Sasa huo muundo unahamia kwetu bila shida. Mada dakika 15 mpaka 20, basi. Halafu kiongozi mmoja, aliyeandaliwa kabla, analeta jambo lake la kweli. Wenzake kwanza wanauliza maswali ya kuelewa, ushauri bado marufuku. Kisha wanashauri wenzake, na mtaalamu anaongea MWISHO, huu mpangilio msiuguse kwa sababu mtaalamu akianza wengine wote wananyamaza.

Niwape moja ya aina hiyo. Shirika lina watia saini wawili wa hundi, mmoja anaishi mbali, kwahiyo anasaini hundi tupu kitabu kizima anakiacha ofisini. Kwenye karatasi saini ni mbili, kwa vitendo anayeamua ni mtu mmoja. Mhadhiri angesema "zingatieni udhibiti wa ndani" na kila mtu angeandika kwenye daftari. Kumbe aliyemsaidia ni katibu wa kikanisa kidogo tu, akasema sisi tuliongeza mtia saini wa tatu anayeishi karibu ili wawili wapatikane muda wote, na taarifa ya benki kila mwezi inakwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa bodi bila kupita kwa mhasibu. Dakika mbili, na hao watu wawili wakabadilishana namba hapohapo. Huko ndiko kujuana unakokutaka Mratibu, mtu anamkumbuka aliyemtatulia tatizo.

Na wala hili wazo la kumfuata kiongozi alipo siyo la kwetu sisi wa intaneti. Elimu ya theolojia kwa njia ya uenezi ilianza 1963 Guatemala, seminari ya Kipresbiteri iliona wanaoongoza makanisa ya vijijini kwa kweli hawawezi kuacha mashamba na familia waje kukaa bwenini, wakawapelekea masomo ya kusoma nyumbani na mwalimu anakutana nao karibu na kwao kila wiki. Kukutana kwa mara kwa mara ndiko kulikoibeba.

FundiMitambo
@Neema_Mwezeshaji hapo kwenye mtaalamu kuongea mwisho umenigusa, nimekaa kwenye semina nyingi kama fundi na ni kweli kabisa, akishaongea daktari fulani kisanduku cha maswali kinakauka.

Mzee_wa_Idara
Shalom. Niongeze njia ambayo hamjaitaja, vituo. Watu kumi na tano wa eneo moja wanakutana ukumbini, intaneti moja, projekta moja, spika moja, wanaunganishwa na wengine. Mkutano wa Lausanne wa Cape Town 2010, ule wa viongozi wa Kikristo wa kiinjili duniani, ulifanya hivyo kwa ukubwa, vituo mamia kwenye nchi nyingi walikuwa wanafuatilia na kujadiliana hukohuko walipo. Bando analipa mmoja, mzee asiyejua kujoini anajoini pamoja na wenzake, na wakimaliza wanabaki wanaongea, ambalo mtu aliyekaa peke yake na simu hana.

Ubaya wake nausema wazi, kituo kinaongea kwa mdomo wa mtu mmoja, mara nyingi ndiye mwenye cheo. Wanawake na vijana wa kituo hicho hamtawasikia msipowaita. Na kwa fundi, kifaa kiwe KIMOJA chumbani, wakijoini wawili na simu zao sauti zinarudiana mpaka mnashindwa kusikilizana.

Mama_Tumaini
WhatsApp sasa, maana haijajibiwa. Kundi linabeba mpaka watu 1024, simu ya kundi 32. Msije mkaweka watu wote kwenye kundi moja la kuchati, ndani ya wiki limejaa salamu na vitu vya kufowadi na wenye shughuli wamelinyamazisha. Wekeni kundi la matangazo ambalo maadmini tu wanaandika. Halafu wale waliokaa chumba kidogo kimoja kwenye Zoom, watano au sita, wawe na kundi lao, na wasibadilishwe kila semina. Wakikaa pamoja miezi kadhaa wanaanza kuulizana wenyewe bila mratibu. Waliokatikiwa na mtandao mnawatumia muhtasari wa sauti wa dakika tano.

FundiMitambo
Usalama msisahau. 2020 mikutano mingi ya ibada ilivamiwa na watu wa kutupia picha chafu kwa sababu linki zilibandikwa hadharani. Wekeni neno siri na chumba cha kusubiria, kushea skrini iwe kwa hosti tu, linki itumwe kwa waliojiandikisha. Na wawepo watu wawili, anayeendesha mazungumzo asiwe ndiye anayeruhusu watu kuingia.

Mratibu_Umoja
Nimesoma zote mara mbili, ahsanteni sana. Naona tunakwenda hivi: Meeting siyo Webinar, tukianza na kuomba Google for Nonprofits. Mada fupi irekodiwe iwekwe YouTube kwa linki ya waliojiandikisha, kesi isirekodiwe. Vituo viwili kwa maeneo yenye mtandao mbovu, na kila kituo kianze na mwanamke au kijana kutoa maoni. PDF siku moja kabla. Makundi ya watu sita yasiyobadilika.

Swali limebaki moja, wanaulizia vyeti. Tutoe?

Katibu_Bodi
Toeni lakini kisitolewe kwa kubonyeza linki. Kwetu anapata aliyewasilisha kesi yake, au aliyetuletea sera ya shirika lake iliyopitishwa na bodi ikiwa na saini. Wengine walilalamika mwanzoni. Ila sera za ulinzi wa watoto zilizokuwa zinasubiri miaka zilisainiwa.

Neema_Mwezeshaji
@Mratibu_Umoja kesi ya kwanza usiwaachie wajitokeze, hakuna atakayejitokeza. Mtafute kiongozi anayeheshimika, mwombe yeye alete jambo lake gumu, wengine wakimwona mtu mzima anasema "hapa nimekwama" watafunguka. Nina fomu ya kuandaa kesi, ukurasa mmoja: jambo ni lipi, lilianza lini, mmejaribu nini, nani anahusika bila majina, na unataka wenzako wakusaidie nini hasa. Hilo la mwisho ndilo wanaloliacha wazi, usimpokelee mtu mpaka alijaze.

Mratibu_Umoja
Naomba uniwekee inboksi dada, nina mchungaji mmoja nimemfikiria tayari, nampigia leo.