Naomba ushauri: GT86 iliyotumika, yenye rimu za inchi 18 na breki kubwa za mbele

Gia_ya_Sita
Wakuu, habari zenu. Ninataka kununua Toyota GT86 ya mwaka 2013, ya gia za mkono, yenye injini ya boksa ya lita 2.0. Mwenye gari amebadilisha vitu viwili. Ametoa rimu za kiwandani za inchi 17 na kufunga za inchi 18 zenye upana wa inchi 8.5, na mbele amefunga seti ya breki yenye diski za milimita 355 na kalipa nyekundu, yaani vibano vinavyobana diski, za pistoni sita. Nimeliendesha kwa muda wa dakika ishirini, nalo linaingia kwenye kona kwa utulivu ambao sijaupata kwenye gari lolote jingine. Kasoro niliyoiona ni moja: usukani hutetema kuanzia kilomita 90 kwa saa, kisha hutulia ukipita 110. Rimu za zamani zipo, na mwenye gari anasema alizirudishia kwa siku chache mwezi uliopita, tairi moja lilipopasuka. Ninachouliza ni hiki tu: je, rimu pana namna hii huharakisha kuharibika kwa bearingi?

Fundi_Mstaafu
Ndugu, upana peke yake hausemi kitu mpaka tujue ET, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaogusana na kitovu cha gari. Rimu ya kiwandani ya gari hilo ina upana wa inchi 7 na ET 48. Ukifunga ya 8.5 yenye ET 25, ukingo wa nje unasogea nje kwa takriban milimita 42, na hapo bearingi inabeba mzigo ambao haikukusudiwa. Kuhusu mtetemo, usukani unaotetema katika mwendo fulani kisha ukatulia mara nyingi humaanisha kwamba magurudumu hayajasawazishwa, au rimu haikukaa katikati ya kitovu. Kitovu cha GT86 kina kipenyo cha milimita 56.1, ilhali rimu nyingi za dukani zina tundu kubwa zaidi ili ziingie kwenye magari mengi, hivyo huhitaji pete za kujazia nafasi hiyo. Je, gurudumu limewahi kufunguliwa mbele yako ukaziona hizo pete?

Mama_Wawili
Mimi nitauliza jambo ambalo wanaume hamliulizi. Je, kampuni ya bima itaambiwa kuhusu rimu na breki hizo? Mdogo wangu alinunua gari lililobadilishwa namna hiyo na hakulitaja kwenye fomu, na siku alipogonga alikaa miezi akibishana na wakaguzi juu ya kitu ambacho hakukifunga yeye. Gari la watu wanne lenye viti vya nyuma visivyomfaa mtu mzima, na bado unaliongezea maswali ya bima! Fikiri kwanza kama unalihitaji, ndipo uulize habari za bearingi.

Nati_Ishirini
Naongezea lililonikuta, kwa sababu gari langu ni hilo hilo. GT86 ilijengwa na Subaru, na nati zake ni za milimita 12 kwa hatua (umbali kati ya hesi moja na inayofuata) ya 1.25, wakati magari mengi ya Toyota hutumia hatua ya 1.5. Kijana mmoja aliyenibadilishia tairi alichukua nati za Toyota nyingine, zikaingia mizunguko miwili kwa vidole, kisha akazilazimisha kwa mashine. Boliti tatu ziliharibika hesi, na moja ilikatika nikiwa safarini na familia. Tangu siku hiyo sikubali mtu aanze kufunga nati kwa mashine; ni lazima aanze kwa mkono. Kwa hiyo kabla ya kupenda rangi ya rimu, zitazame nati zake.

Gia_ya_Sita
Ninawashukuru. ET ni 25 kama alivyosema Fundi, maana imeandikwa kwenye mkono mmoja wa rimu. Pete sijaziona. Gurudumu halikufunguliwa kwa sababu kila moja lina nati moja ya kufuli, na ufunguo wake umepotea. Mwenye gari ni mtu makini na gari limetunzwa, kwa hiyo sioni kama hilo ni tatizo kubwa.

Fundi_Mstaafu
Ni tatizo kubwa, ndugu yangu. Bila kufungua gurudumu huwezi kupima unene wa diski, huwezi kuona pedi zimebaki kiasi gani, wala huwezi kujua kama mipira ya breki inasuguana na rimu usukani ukikatwa hadi mwisho. Pistoni kubwa za mbele hudai mafuta ya breki mengi zaidi kutoka masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) ile ile ya zamani, na kama seti haikulinganishwa na gari, pedali hushuka zaidi na mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma huharibika. Uliza pia mafuta yalibadilishwa lini, kwa maana hunyonya unyevu. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachoruhusiwa hushuka hadi 155. Mnunuzi yeyote angeahirisha mpaka ufunguo upatikane. Wewe huahirishi. Kuna jambo hujatuambia.

Gia_ya_Sita
Ni kweli. Mwenye gari ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, na nimekwisha kumpa arubuni ambayo ni theluthi moja ya bei. Sikusema mwanzoni kwa sababu nilitaka ushauri juu ya gari, si juu ya ukoo. Naomba mnielewe kwamba sikukurupuka. Shemeji amenionyesha picha za breki siku zilipofungwa, na hata tukigundua hitilafu ndogo, ni rahisi kumaliza mambo na ndugu kuliko na mtu baki.

Kivuko
Mwenzetu ametuita kwenye posa wakati mahari imekwisha kupelekwa. Tuombe tu bibi harusi awe mzima wa afya.

Mama_Wawili
Na mtu baki unaweza kumshtaki. Shemeji utakula naye sikukuu zote. Mkeo anajua kuhusu hiyo theluthi?

Gia_ya_Sita
Anajua kwamba tunazungumza. Kiasi hajakijua bado.

Kipimo_Sahihi
Nimesoma uzi huu mara mbili, na ninaona kwamba umetungwa. Niwieni radhi kama nimekosea, lakini hesabu haikubali. Rimu ya inchi 17 ina kipenyo cha milimita 432 pale tairi linapokaa, na kwa ndani nafasi ni ndogo zaidi. Diski ya milimita 355 ikivikwa kalipa ya pistoni sita haiingii ndani ya rimu hiyo ya kiwandani. Seti za ukubwa huo huanzia rimu za inchi 18. Hata hivyo tunaambiwa mwenye gari alirudishia rimu za inchi 17 mwezi uliopita. Tena alizifungaje, na ufunguo wa nati umepotea? Ama hakuna gari, ama mwandishi anaokoteza maelezo kadiri anavyoulizwa. Wenzetu wanatoa ujuzi wao kwa moyo, si haki kuwapotezea muda.

Nati_Ishirini
Nakiri hoja ya rimu ilinipita. Ngoja tumsikie mwenyewe.

Gia_ya_Sita
Gari lipo, na sikutunga chochote. Niliandika nilivyoambiwa, wala sikuyaweka maneno hayo mawili pamoja mpaka Kipimo alipoyaweka. Naenda kwake jioni hii nikiwa na tochi na rula ya chuma.

Fundi_Mstaafu
Pitisha rula kati ya mikono ya rimu, upime diski kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha mulika nyuma ya kalipa, usitazame ule uso mwekundu. Diski ya mbele ya kiwandani ina milimita 294, kwa hiyo tofauti utaiona bila shaka.

Gia_ya_Sita
Nimerudi. Diski haikufika sentimita 30. Ile kalipa nyekundu ni kifuniko cha plastiki kilichobanwa kwa klipu, na nyuma yake kuna kalipa ya kawaida yenye pistoni upande wa ndani tu, imeota kutu. Nilikishika kifuniko kwa vidole viwili kikacheza. Kipimo, nimekuelewa, na sikulaumu.

Shemeji alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba naye aliuziwa hivyo hivyo, na kwamba picha alizonionyesha alipewa na aliyemuuzia. Kuhusu tairi lililopasuka amesema kweli alifunga za inchi 17, na sasa inaeleweka kwa nini ziliingia. Ufunguo haukupotea siku ile. Upo kwa fundi aliyemfungia.

Kipimo_Sahihi
Nakuomba radhi mbele ya wote. Breki za kiwandani zilizo nzima zinatosha kabisa kwa barabara ya kawaida. Breki kubwa husaidia zaidi kustahimili joto la kusimamisha gari mara kwa mara katika mwendo mkali. Hukupoteza usalama. Ulichokuwa unapoteza ni fedha ya seti ambayo haipo.

Mama_Wawili
Na arubuni?

Gia_ya_Sita
Bado iko kwake. Gari ninalitaka, hilo sitalificha tena. Jumamosi tutakutana kwa fundi mwenye ufunguo, magurudumu yote manne yafunguliwe, zifungwe rimu za inchi 17 na nati zake, nami niliendeshe tena kuanzia kilomita 90 nione kama usukani utatulia. Thamani ya breki itolewe kwenye bei. Nimemwambia hivyo mbele ya mke wangu, baada ya kumwonyesha kiasi nilichotoa.